Mubashara

Neno hili lilitoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya ngozi: kitenzi chake kilihusu kugusana mwili kwa mwili, bila kitu katikati. Hapo ndipo ilipotokea maana ya jambo lisilopitia kwa mwingine. Kiswahili kina pia “moja kwa moja”, lakini hilo hata dereva wa bodaboda huelekezwa nalo. Mubashara limebaki mali ya watangazaji.

Studioni, kipindi kinaporushwa papo hapo, maana hiyo huonekana kwa macho. Juu ya kila kamera kuna taa ndogo nyekundu. Ikiwaka, picha ya kamera hiyo ndiyo inayokwenda hewani, na mpigapicha haruhusiwi kuitikisa wala kuihamisha bila kuagizwa. Ikizimika, anatafuta picha nyingine upesi kabla mwongozaji hajaihitaji. Mgeni wa kazi huweza kukosea hapa, kwa kuwa sauti ya mwongozaji sikioni humvuta kabla hajaitazama taa. Msimamizi wa studio huhesabu kwa sauti “tano, nne, tatu”, kisha mbili na moja huonyesha kwa vidole tu, maana maikrofoni huenda tayari zimefunguliwa.

Kisarufi, “kipindi kinarushwa mubashara” inatosha, bila “kwa”. Wapo wasemao “kimerekodiwa mubashara” wakiwa na maana ya kipindi kilichonaswa bila kukatwa na kurushwa baadaye. Hilo ni gumu kulitetea: kanda imeshakaa katikati.