Leseni Huria na Swali la Watunzaji katika Gridi za Kompyuta

Mjadala kuhusu programu huria za kujengea gridi za kompyuta, yaani kompyuta za taasisi mbalimbali zilizounganishwa ili zifanye kazi pamoja, umeng'ang'ania bei na leseni kwa muda mrefu. Mtafiti huambiwa kwamba maadamu msimbo uko wazi, hana cha kuhofia: waanzilishi wakijitoa, wengine wataendeleza. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Leseni hutoa ruhusa ya kuendeleza msimbo, lakini haizai watu wenye ujuzi na mshahara wa kuifanya kazi hiyo.

Tuanze na Globus Toolkit, iliyochipuka kutokana na jaribio la I-WAY la mwaka 1995. Jaribio hilo liliunganisha kompyuta za vituo 17 vya Amerika Kaskazini. Ian Foster, Carl Kesselman na Steve Tuecke walikabili tatizo ambalo nyaya pekee hazilitatui: kituo kimoja kitamwaminije mtumiaji wa kituo kingine? Katika Globus, mtafiti hutumia cheti chake cha kidijitali kutia saini cheti kingine cha muda, ambacho kwa kawaida huisha baada ya saa 12. Hicho cha muda ndicho kinachosafiri na kazi yake kutoka seva hadi seva, huku ufunguo wa siri wa cheti cha kwanza ukibaki nyumbani. Mwizi akikinasa, hatafika nacho mbali. (Mwenye kazi ya saa 13 naye anaujua upande wa pili wa busara hiyo.)

Mwaka 2017 watunzaji wa Globus walitangaza kwamba wangeacha kuihudumia programu hiyo huria kuanzia Januari 2018, nguvu zao zikiwa zimehamia kwenye huduma inayoendeshwa kwa ada za taasisi. Wakati huo gridi inayochakata data za maabara ya fizikia ya CERN, yenye vituo takriban 170 katika nchi zaidi ya 40, bado ilitegemea vyeti hivyo vya muda pamoja na GridFTP, itifaki ya Globus ya kuhamishia faili. Watumiaji wenyewe wakauchukua msimbo na kuuita Grid Community Toolkit. Hawakujitia kubuni makubwa. Waliziba mianya ya usalama na kutengeneza yaliyoharibika. Kwa kazi hiyo isiyo na sifa walinunua muda, na vituo vikaanza kuhamia hatua kwa hatua kwenye HTTP badala ya GridFTP, na kwenye tokeni badala ya vyeti. Naona hapo ndipo leseni huria ilipoonyesha thamani yake: iliwapa watu nafasi ya kuondoka kwa utaratibu.

Grid Engine, programu ya kupangia kazi kwenye kompyuta nyingi, haikubahatika hivyo. Kampuni ya Sun iliufungua msimbo wake mwaka 2001, kisha Oracle, baada ya kuinunua Sun mwaka 2010, ikayafunga matoleo mapya. Waendelezaji hawakukosekana, ila walitawanyika: kukawa na Son of Grid Engine, kukawa na Open Grid Scheduler, na kampuni ya Univa ikawaajiri wahandisi wakuu na kuuza toleo lake. Msimbo wa zamani ulibaki mikononi mwa umma, lakini waliouelewa vizuri zaidi walikuwa wameshahama.

HTCondor, kwa upande wake, imedumu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison tangu miaka ya 1980, chini ya Miron Livny. Kazi hutangaza inachohitaji, mashine hutangaza ilichonacho na masharti ya mwenyewe, na programu hufanya ushenga kati yao. Mwenye mashine akirudi kugusa kibodi, kazi ya mgeni inaweza kuondolewa mara moja. Wanaoiandika wako chuo kimoja na baadhi ya watafiti wanaoitumia, na wanalipwa, kwa sehemu kubwa kwa fedha za umma, kuitunza mwaka hadi mwaka.

Itasemwa kwamba vyuo vyenye bajeti finyu haviwezi kuiga mfano huo. Kwa ukubwa ule, kweli haviwezi. Lakini maombi mengi ya ufadhili huorodhesha seva, viyoyozi na jenereta, kisha programu huandikiwa sifuri kwa kuwa ni ya bure. Mstari huo wa sifuri ndio ungepaswa kubeba mshahara wa mhandisi mmoja anayeweza kuusoma msimbo na kuurekebisha.