Koti la Kuazima: Kapera wa Oicha Anavaa kwa Ajili ya Nani?

Wanaochambua mavazi ya Kongo wamezoea kuanzia Brazzaville na Kinshasa. Tangu Justin-Daniel Gandoulou alipochapisha utafiti wake juu ya vijana wa Bacongo, mtaa wa Brazzaville, mwaka 1989, mwanamume wa Kongo anayejipamba husomwa kama mfuasi wa La Sape: fukara anayejivika nembo za Paris ili adai cheo asichokimudu. Mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki Abidjan mwaka 2016, aliieneza taswira hiyo ulimwenguni. Nashikilia kwamba inatupotosha tukifika Oicha.

Kinshasa ina mamilioni ya watu. Huko nguo hutangulia kusema kabla mwenyewe hajajulikana. Oicha, makao makuu ya teritwari ya Beni, mashariki mwa Kongo ya Kinshasa, iko kilomita zipatazo 30 kaskazini mwa mji wa Beni. Hapa watu hufahamiana: kijana anayemtaka binti wa mtaa wa pili hawezi kumdanganya mtu kwa kitambaa. Shangazi wa binti amewahi kumuuzia chumvi, na kaka zake wamemwona akitoka shamba la kakao na buti za mpira zenye tope hadi magotini. Utajiri wake, au ukosefu wake, ni habari ya zamani.

Kinachobaki kusemwa na nguo ni malezi. Shati la mitumba lililopunguzwa na fundi hadi likamkaa, kola isiyo na weusi, mkunjo wa suruali ulionyooka, viatu vilivyofutwa vumbi mlangoni: hayo yote hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji bidii. Nadhani kipimo hiki kina mizizi katika misheni. Daktari Carl Becker wa Africa Inland Mission alijenga hapo, kuanzia miaka ya 1930, hospitali iliyovuta wagonjwa kutoka mbali, na usafi ukawa sehemu ya heshima ya mji. Hata leo, Jumapili nje ya kanisa ndipo kapera anapokaguliwa kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Lakini jambo zito zaidi ni koti la kuazima. Mtafiti aliyelelewa na nadharia ya La Sape ataliona kuwa uongo. Uongo gani, ikiwa kila mtu analijua koti hilo ni la nani? Likionekana mabegani mwa kijana siku anapokwenda kujitambulisha kwa wazazi wa binti, mwenye koti anakuwa ameweka jina lake rehani. Ni kama amesema: huyu namfahamu, akiharibu mniulize mimi. Miongoni mwa Wanande, walio wengi hapa, ambao mahari yao ya jadi huhesabiwa kwa mbuzi, ndoa hufungwa na watu wengi. Koti ni dalili ya kwanza kwamba watu hao wapo.

Vita vimeongeza uzito wa dhamana hiyo. Tangu yalipoanza mauaji ya raia katika eneo la Beni, Oktoba 2014, asiyejulikana huogopwa, na kwa kuwa wauaji wameripotiwa mara kadhaa wakiwa wamevaa sare za jeshi, vazi lolote linalofanana nazo ni hatari kwa anayelivaa. Marufuku ya kutembea usiku, kila inapowekwa, nayo husogeza uchumba mchana, ambapo doa halifichiki.

Ni kweli, vijana wenye simu huiga suruali za kubana na viatu vyeupe vya wanamuziki, na mabinti wana macho yao, hawachaguliwi tu na ukoo. Sikatai. Ila mtindo humvutia binti, hauwezi kuwajibu wazazi wake wanapouliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Kwa desturi hii ya dhamana, anayeumia zaidi ni kijana aliyekimbia kijiji chake kwa sababu ya vita. Nguo zake zimebaki kule, na waliomfahamu wametawanyika au wameuawa. Hana wa kumwazima koti. Mashirika ya misaada humhesabu kuwa amevikwa akipewa fulana, mara nyingi yenye nembo ya shirika kifuani. Fulana hiyo inamsitiri mwili, lakini kila anayeiona anajua imetoka kwa watu wasiomfahamu, wasioweza kuitwa barazani kumtolea ushahidi. Ndiyo maana kumpa kijana huyo shati lisilo na nembo, pamoja na fedha ya kumlipa fundi wa mtaani amrekebishie kwa kipimo chake, si anasa. Angalau fundi huyo atakuwa mtu mmoja Oicha anayelijua jina lake.