Kabla ya MDF Kulikuwa na Litungu

Wasee wa Tuwan, fundi wa spika atakuapia kwamba kasha la maana ni la MDF tu. Mimi nabisha, na historia iko upande wangu.

Anza na litungu la Wabukusu. Mwili wake ni mti uliochongwa na kufunikwa ngozi; ukipiga nyuzi, ngozi inaitikia. Kasha la spika kazi yake ni kinyume: koni ndiyo iimbe, kasha linyamaze. Ndiyo maana Gilbert Briggs, aliyeanzisha Wharfedale huko Uingereza 1932, alijaza mchanga katikati ya plaiwudi mbili. Mchanga, bana! Nani abebe? BBC wakapita njia nyingine. Kwenye LS3/5A ya miaka ya 1970 walitumia plaiwudi nyembamba, wakaibandika lami kwa ndani imeze mtikisiko.

MDF ilianza kutengenezwa kiwandani Marekani miaka ya 1960. Haina fundo, inakatika vizuri, ni nzito, haitetemeki ovyo. Kwa spika ya sebuleni, sina neno.

Lakini huku kwetu spika zinapandishwa boda kwenda harusi Kiminini ama matanga Bungoma, na mvua ya Kitale unaijua. MDF ikinywa maji inavimba, skrubu zinaachia, na hairudi ilivyokuwa. Plaiwudi nzuri, ya gundi isiyoogopa maji, ni nyepesi na inashika skrubu. Mimi nachukua ya milimita 18, na vipande vya kuikaza ndani. Fundi akikataa, muulize kama ni yeye atabeba.