Pemba: Vivutio vya Asili vya Kisiwa cha Kijani

Kisiwa cha Pemba ni cha pili kwa ukubwa katika visiwa vya Zanzibar, na kipo takriban kilomita 50 kaskazini mwa Unguja. Waarabu walikiita Al-Jazira Al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani, kutokana na vilima na mabonde yake yaliyofunikwa na mikarafuu, minazi na misitu.

Upekee wa Pemba umetokana na bahari. Kati ya Unguja na Tanzania Bara maji ni ya kina kifupi, na zama za barafu kina cha bahari kilipopungua, Unguja iliungana na Bara. Mkondo wa Pemba, kwa upande wake, una kina cha zaidi ya mita 700. Kwa sababu hiyo kisiwa hicho kimetengana na Bara kwa muda mrefu sana, na kimekuwa makazi ya viumbe wasiopatikana kwingineko duniani, wakiwemo ndege wa aina nne: ninga, chozi, kinengenenge na bundi mdogo wa Pemba.

Msitu wa Ngezi uliopo kaskazini-magharibi ndio mkubwa kati ya misitu ya asili iliyosalia kisiwani humo. Ndani yake kuna mivule mirefu pamoja na mpapindi, mti wa jamii ya minazi unaoota Pemba pekee, ilhali jamaa zake wa karibu wapo Madagaska. Njia inayopita msituni humo inaelekea ufukwe wa Vumawimbi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha.

Popo wa Pemba, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanaweza kufikia mita moja na nusu, hula matunda na kusambaza mbegu za miti ya msituni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribia kutoweka kutokana na uwindaji na ukataji wa misitu. Kuanzia miaka ya 1990 wanavijiji waliunda vikundi vya kumlinda kwa kushirikiana na mamlaka za misitu, na idadi yake ikapanda hadi kufikia maelfu. Katika kijiji cha Kidike wageni huwaona popo hao wakining'inia mitini mchana, na kijiji hunufaika na viingilio.

Magharibi mwa Chake Chake kipo kisiwa kidogo cha Misali, kilichotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Simulizi za wenyeji zinalihusisha jina hilo na msala wa kuswalia, kwa kuwa kisiwa kimeelekea kibla. Kasa na ng'amba hutaga katika fukwe zake. Sehemu ya matumbawe yake hairuhusiwi kuvuliwa, ili samaki wazaliane na kuongezeka katika maeneo ambayo wavuvi wanaendelea kujipatia riziki.

Pemba hufikika kwa ndege kupitia Chake Chake, au kwa boti kupitia bandari ya Mkoani. Wageni wanashauriwa kufuatana na waongozaji, kuvaa mavazi ya heshima vijijini, kutokanyaga matumbawe na kutowashtua popo. Kiumbe anayeishi Pemba pekee akitoweka hapo, atakuwa ametoweka duniani kote.