Kipofu aliyefundisha vidole

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Je, asiye na macho aambiwe nini? Huko Japani, katika karne ya 17, jibu lilitoka kwa Sugiyama Waichi, aliyezaliwa mwaka 1610 na kupofuka angali mtoto.

Alikwenda Edo, ndiyo Tokyo ya leo, kujifunza tiba ya sindano iliyotoka China. Masimulizi yanasema mwalimu wake alimfukuza kwa kumwona mzito wa kuelewa. Hakukata tamaa. Anasifiwa kwa kuanzisha mrija mwembamba wa kuongozea sindano: tabibu hupapasa mwili, akipata mahali penyewe husimamisha mrija, kisha hugonga sindano taratibu kwa kidole. Kazi hiyo haidai macho. Inadai vidole vilivyofundishwa.

Sugiyama alifika hadi kumtibu mtawala mkuu, Tokugawa Tsunayoshi. Angeweza kustarehe na cheo chake. Yeye, katika miaka ya 1680, alifungua shule ya kuwafundisha vipofu wenzake kupapasa, kukanda na kuchoma sindano. Alifariki mwaka 1694, lakini hadi leo Japani ina vipofu wenye leseni ya kazi hiyo.

Mitaani kwetu tumezoea kumwekea kipofu sarafu kiganjani. Sugiyama aliwawekea wenzake ujuzi.