Intaneti ya nyumbani: namna ya kubaini tatizo lilipo kabla ya kulipia zaidi au kulalamika

Na Mwandishi Wetu

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika kaya zilizojiunga na huduma ya intaneti ni kwamba mtandao ni mzito, kifurushi huisha kabla ya wakati, na kasi iliyotangazwa haionekani nyumbani. Mara nyingi malalamiko hayo ni ya haki, na mara nyingine chanzo chake ni kifaa kilicho juu ya meza ya mlalamikaji mwenyewe. Kutoweza kutofautisha mambo hayo mawili kuna gharama. Kaya isiyojua tatizo lilipo huweza kuongeza kifurushi kila mwezi bila kupata nafuu, na kaya yenye haki ya kudai huishia kuambiwa izime ruta na kuiwasha tena.

Taarifa inayoombwa na mtumiaji aliyepo Morogoro au Songea husafiri kwa nyaya za chini ya bahari, kisha kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kisha kwa kipande cha mwisho kati ya mtoa huduma na nyumba, na hatimaye ndani ya nyumba yenyewe. Kasi anayoiona mtumiaji ni ile ya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote katika safari hiyo.

Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya nchi ilipitia setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya dunia, kwa gharama kubwa na kwa ucheleweshaji uliosikika hata katika mazungumzo ya sauti. Mwaka huo waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Nyaya hizo zilileta unafuu, lakini nazo huweza kukatika. Mnamo 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya hizo mbili upande wa kusini mwa Afrika ilivuruga huduma nchini Tanzania na katika nchi nyingine za ukanda huu. Siku hiyo hakuna ruta ya nyumbani wala kifurushi kilichokuwa na kosa. Hitilafu ya ngazi hiyo, au ya Mkongo wa Taifa unaoendeshwa na TTCL, hugusa wengi kwa wakati mmoja. Kumuuliza jirani anayetumia mtoa huduma mwingine ni kipimo kinachotosha.

Katika kipande cha mwisho, mwenye waya wa faiba uliofika mlangoni huwa na njia iliyo imara zaidi. Anayetumia ruta ya laini ya simu hugawana uwezo wa mnara na watu wote walio karibu nao, ndiyo maana huduma iliyo nyepesi asubuhi huwa nzito saa 2 usiku, familia zinapokuwa nyumbani. Neno "hadi" katika tangazo la kasi lina uzito wake hapa, kwa kuwa linataja kilele, na mteja hapaswi kulisoma kama ahadi ya kila saa.

Yapo pia mazoea ya kuchanganya megabiti na megabaiti. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti au gigabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya megabiti 20 kwa sekunde hushusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, na faili la gigabaiti 1 huchukua takriban dakika 7 hata pale kila kitu kinapofanya kazi ipasavyo. Anayetarajia sekunde 50 atajiona amepunjwa, ingawa amepata alicholipia.

Ndani ya nyumba ndiko matatizo mengi yanakojificha. Ruta nyingi za sasa hurusha waifai katika masafa mawili. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na yamesongamana, kwa kuwa katika nyumba za kupanga ruta za majirani hurusha humo humo, na chaneli zisizoingiliana ni 3 tu: 1, 6 na 11. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa zaidi lakini hudhoofika haraka mbele ya ukuta wa zege. Pamoja na hayo, ruta huwekwa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati au sakafuni, na wapo wanaoifunika kwa kitambaa cha kufuma ili isishike vumbi, jambo linaloifanya pia ipate joto. Mahali pake ni katikati ya nyumba, juu, pasipozibwa na kitu. Ile inayotumia laini ya simu iwekwe karibu na dirisha linaloelekea mnara.

Kipimo cha uhakika ni kuunganisha kompyuta na ruta kwa waya, kuzima waifai katika vifaa vingine vyote, kisha kupima kasi asubuhi, mchana na kati ya saa 2 na saa 4 usiku, kwa siku kadhaa. Baada ya hapo upimaji urudiwe kwa waifai, mtumiaji akiwa chumbani anakolalamikia. Waya ukionesha kasi nzuri na chumbani ikawa duni, tatizo ni la waifai, na kuongeza kifurushi hakutaliondoa. Waya ukionesha kasi duni usiku tu, msongamano kwa mtoa huduma ndio unaoelekea kuwa chanzo. Ikiwa duni saa zote, ruta ijaribiwe katika laini nyingine au laini ijaribiwe kwa ruta nyingine, na ikibaki hivyo mwananchi ana hoja ya kuipeleka kwa mtoa huduma.

Kompyuta nayo ichunguzwe. Kompyuta mpakato zilizotumika zinazoingizwa kutoka nje zimeziwezesha kaya nyingi kumiliki kifaa hicho, na hakuna sababu ya kuzidharau. Hata hivyo, sifa inayotajwa kwanza dukani, kwamba mashine ni "Core i7", haielezi jambo la maana zaidi, yaani kizazi cha prosesa. Core i7 ya kizazi cha 3 iliingia sokoni mwaka 2012, na haimo katika orodha ya prosesa zinazokubalika kwa Windows 11. Kwa kuwa Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida ya maboresho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, mnunuzi aulize kizazi cha prosesa na kama mashine ina chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0. Kwa mashine nzito ambayo bado ni nzima, kubadilisha diski inayozunguka na kuweka ya SSD mara nyingi huleta nafuu kubwa kuliko kubadilisha kifurushi cha intaneti.

Kuhusu kifurushi "kuliwa", video ya ubora wa HD huweza kutumia hadi gigabaiti 3 kwa saa, na kompyuta hupakua maboresho bila kuuliza. Windows ina mpangilio wa kuitambulisha laini kuwa ya kipimo, ambao hupunguza upakuaji huo.

Pale vipimo vinapoonesha kwamba tatizo ni la mtoa huduma, malalamiko huanzia kwake. Yaandikwe yakitaja tarehe, saa, kasi iliyopimwa kwa waya na kiasi kilicholipwa, na mwananchi adai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Asiporidhika na majibu, au asipojibiwa, hulifikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye ofisi za kanda zikiwamo za Mwanza, Arusha, Mbeya, Dodoma na Zanzibar. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA CCC) hutoa ushauri kwa asiyejua namna ya kuandaa lalamiko. Asiyeridhika na uamuzi wa TCRA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.