Uvimbe uliojifanya kansa

Wadau, andalio la somo nimeliweka pembeni kwanza, kuna historia imenikaa kichwani.

Mwaka 1888 kule Königsberg (enzi hizo Ujerumani, leo Kaliningrad ya Urusi) mpasuaji Johann von Mikulicz alieleza habari za mkulima aliyevimba tezi za machozi na za mate, pande zote mbili za uso. Mwaka 1896 Bernhard Riedel akaeleza tezi ya shingo ngumu kama chuma. Mwaka huohuo Hermann Küttner naye akaandika juu ya tezi ya mate chini ya taya, ukiigusa utaapa ni kansa. Kila mtu na kiungo chake, kila mtu na jina lake!

Balaa lilikuwa kwenye kongosho. Mgonjwa anakuja macho ya njano, kongosho limevimba, anapasuliwa. Wanaondoa kichwa cha kongosho pamoja na kipande cha utumbo. Maabara wakiangalia, kansa hakuna. Jamani, na ukishakata umekata.

Mwaka 2001 Hideaki Hamano na wenzake huko Japani wakakuta damu ya wagonjwa wa kongosho la namna hiyo ina kingamwili ya IgG4 kwa wingi. Mwaka 2003 Terumi Kamisawa akaonyesha seli za IgG4 kwenye viungo vingine pia: kumbe ni ugonjwa mmoja, kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayojenga uvimbe. Prednisoloni tu, vidonge vya kawaida kabisa, na mara nyingi unasinyaa ndani ya wiki chache.

Ila IgG4 kupanda peke yake haitoshi, hata wenye kansa kweli wengine hupanda. Ndiyo maana kipande cha nyama bado kinapelekwa maabara.